Iba Basi, Fundi

Mama Anastasie hushona nguo Kasongo na kuzipeleka mwenyewe Wamaza kwa siku za soko, nyuma ya pikipiki ya Musafiri, dereva anayemkodi. Zamani alizifunika kwa turubai kwenye kigari cha mbao. Mwaka jana, wakiwa wamelala Wamaza, mtu alikata turubai akachukua kila kitu, pamoja na gauni la harusi la Benita, binti wa mteja wake wa Wamaza. Binti yule aliolewa amevaa gauni la kuazima, lililomzidi mabega. Anastasie alikwenda harusini hata hivyo. Alisimama mlangoni mwa kanisa, mahali ambapo kila aliyeingia alilazimika kumwona.

Mwaka huu ikawa zamu ya Laura, mdogo wake Benita. Mama yao, Odile, alileta kitambaa cheupe.

"Nimekurudilia," alisema. "Lakini hii ikipotea, tusisalimiane tena."

Anastasie akamwendea Magloire, fundi wa kuchomea vyuma, akaagiza remoke, tela ya pikipiki, ya bati nene, iliyofungwa pande zote. Ilipokamilika ilikuwa ya bluu, na mlangoni ilining'inia kadena, kufuli kubwa kama ngumi.

"Hii iko nguvu, Mama. Mwizi atalia."

"Vizuri. Iba basi."

"Niibe nini?"

"Hiyo. Hapa hapa, mbele ya watu. Weye njo unajua chuma."

Wapita njia walishasimama. "Fundi, leo uko mwizi! Tuite polisi?" Magloire alicheka, kisha akaacha, maana mama alikuwa amevuta kibao na kuketi. Magloire hakuigusa kadena. Alichukua nyundo na msumari, akagonga pini za bawaba, na mlango ukafunguka kwa upande wa pili.

"Kadena imebaki inalinda upepo!" mtu alipaza sauti.

Anastasie hakucheka. "Umenipa milango miwili, fundi. Funga na ule mwingine."

Magloire alihamishia bawaba ndani, akaificha kadena katika kisanduku cha chuma. Kesho yake aliiba tena, akatoka jasho, mlango ukakataa. Basi akanyanyua mkono wa remoke, akaufunga kwenye pikipiki yake na kuzunguka nayo soko zima, watu wakimshangilia.

"Sikufungua, Mama. Nimebeba nyumba yote."

Hapo ndipo Anastasie alipocheka. Halafu akayatazama magurudumu kwa muda mrefu.

"Hili linatoka namna gani?"

"Nati nne tu."

"Nifundishe."

Tangu hapo, kila jioni akiwa Wamaza, alichuchumaa, akaiegemeza remoke juu ya mawe, akafungua gurudumu moja na kulibeba kichwani hadi nyumba aliyofikia.

"Mama, leo unapika gurudumu?" vijana walimtania.

"Mukuje mule, kama muko na meno."

Siku moja kabla ya harusi ya Laura, asubuhi, aliikuta remoke imeanguka kutoka kwenye mawe, imelalia upande usio na gurudumu, mkono wake umegeuzwa kuelekea barabarani. Kisanduku cha kadena kilikuwa kimejaa mikwaruzo mipya. Anastasie aliipitishia kidole, mmoja baada ya mwingine. Musafiri akainyanyua remoke, naye mama akarudisha gurudumu, akakaza nati zote nne, ndipo akafungua mlango.

Alikwenda na gauni kwa miguu hadi kwa Odile, mikono ameinyoosha mbele ili lisiguse grisi iliyomjaa nguoni.

Odile alilitazama gauni, kisha kucha nyeusi za fundi wake.

"Jambo, Anastasie."

"Jambo, Odile."

"Kesho usisimame mlangoni. Utakaa na sisi."