Mwani wa Mama Suok

Soko zima la Gijang, hapa pwani ya Korea, lilimjua Mama Suok, na wengi walimheshimu. Mimi nilikuwa meza ya pili kutoka kwake, yeye na mwani, mimi na samaki, kwa hiyo sikupata nafasi ya kumheshimu. Mdomo ule haukuwa na likizo. Ukiumwa mgongo, atakwambia hukula mwani. Mumeo akikukimbia, hukumlisha mwani.

Binti yake Suok mimba mbili zilimharibikia. Mama mtu akatutangazia mbele ya wateja kwamba ni mikate ya mjini. Ya tatu ilipoingia, Suok na mumewe Gilho wakahamia kwake ili binti atunzwe. Kliniki wakampima damu, wakakuta tezi ya shingoni imelegea. Ikiachwa hivyo, walimwambia, mimba inaweza kutoka tena, au mtoto akazaliwa akili imedumaa. Wakampa dawa ya kumeza kila asubuhi kabla ya kula, na mwani wakamsimamishia, kwa kuwa madini joto yake, iodini, yalikuwa yanamzidi.

Mama Suok alikuja sokoni amefura.

"Mmemsikia huyo daktari? Mtoto wa Daegu. Kwao bahari wanaiona kwenye kalenda, leo anifundishe mimi mwani."

"Si kwa ajili ya mjukuu wako?" nikamwuliza.

"Wewe uza samaki wako, shoga. Suok nimemlea kwa mwani, na mimi nimelelewa kwa mwani. Tezi yangu imelegea wapi? Njoo uishike."

Yaliyofuata nyumbani alinisimulia Suok mwenyewe. Supu ya mwani ilitoweka mezani, mama akajifanya mtiifu. Kumbe alikuwa anausaga ule mwani mnene wa kuchemshia mchuzi, anautia kwenye uji wa mchele, kwenye mboga, kila mahali. Suok angejuaje? Nyumba ile ilinuka mwani mpaka kwenye foronya, na tangu utotoni hakuwahi kula kwao chakula kisicho na ladha hiyo.

Kipimo cha pili kikawa kibaya zaidi. Daktari akauliza kama anakula mwani, Suok akaapa kwamba hata haugusi, basi dawa ikaongezwa. Siku hiyo alilia jikoni, akisema mwili wake unamkataa mtoto, na huyu naye atakwenda kama wenzake. Mama yake alikuwa anakoroga uji. Akaendelea kukoroga.

Aliyemuumbua ni Gilho, wala hakukusudia. Yeye ni mtu wa milimani, kwao Daegu, na asubuhi alizoea kula kazini. Siku moja ya mapumziko akaonja uji wa mkewe.

"Mama, mbona uji una bahari?"

Suok akaweka kijiko chini. "Mama, umetia nini humu?"

"Kidogo tu, mwanangu. Cha kukupa nguvu."

"Siku ile nalia, ulikuwa unajua?"

"Nilijua utanyamaza mwenyewe."

Suok alichukua dawa zake, akavaa viatu, yeye na mumewe wakaenda Daegu kwa wakwe. Huko vipimo vikaanza kutulia, na miezi ikapita bila yeye kukanyaga kwa mama yake. Mama Suok alituambia binti amekwenda kubadili hewa.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti. Kwetu mzazi hupikiwa supu ya mwani, na mama yake ndiye mwenye haki hiyo. Mama Suok akafunga mwani wake bora kuliko wote, akampigia simu binti pale pale mezani.

"Nakuja kukupikia."

"Usije, mama. Mama mkwe ameshapika. Bakuli moja tu, daktari karuhusu."

"Huyo wa milimani? Kapika kwa mwani gani?"

"Wa dukani. Wa kwenye paketi."

Mama Suok alikuwa ameweka simu sauti ya juu, ili soko zima lisikie habari za mjukuu wake. Tulisikia.