Jeneza Lililopitishwa Juu ya Ukuta

Jumamosi iliyopita tulimpitisha rafiki yangu juu ya ukuta kama gunia la mahindi ya wizi. Jeneza lilitoka mochari likaja kulala nyumbani kabla ya kwenda kuzikwa Tongaren, likakwama kwenye kichochoro, kati ya nyumba mbili za kupangisha wanafunzi. Tukajaribu kulisimamisha. Mjane akasema, "Hapana. Msimsimamishe, amechoka." Mwanafunzi mmoja akachungulia kutoka ghorofani, taulo shingoni. "Wazee, si mpitishie tu juu ya ukuta wetu huu?" Hakuwa na dharau, alitaka kusaidia. Basi tukatandika blanketi la marehemu juu ya vipande vya chupa vilivyopandwa ukutani, tukampitisha. Blanketi lilichanika. Mimi ndiye niliyelikunja, na bado liko kwangu, sijui nimrudishie mjane vipi.

Mtaa huu wa nyuma ya chuo hapa Kitale niliuhamia wakati kichochoro hicho kilikuwa barabara. Trekta ilipita na tela ya mahindi na mtoto akabaki na nafasi ya kusimama kando. Tulikuwa vibarua, mama wa kufua nguo, walimu wawili watatu, na yeye marehemu na ng'ombe wake mmoja, anatupimia maziwa huku akituuliza nani amekohoa usiku. Kisha miaka ya elfu mbili ikaingia, chuo kikafungulia wanafunzi wa kujilipia, na wenye ploti wakagundua kwamba chumba cha familia kinaweza kukatwa katikati, kila nusu ilipiwe na mzazi aliye mbali. Kodi ikapanda mpaka mama wa kufua akahamia mabandani kule Kipsongo. Siku hizi anatembea kila asubuhi kurudi huku, afulie watoto wanaolala pale alipokuwa akilala yeye.

Jirani wa kushoto, ambaye anakaa Bungoma mjini na huonekana mwisho wa mwezi tu, alipoanza kuchimba msingi nje ya mpaka wake, marehemu alimwendea na kikombe cha chai mkononi.

"Jirani, hapo ni barabara."

"Barabara ya nani, mzee? Kwani wewe una gari?"

"Sina. Lakini siku moja nitakufa."

Mafundi walicheka, hata mimi nilicheka. Yeye akarudi nyumbani, na kesho yake akang'oa ua wake mwenyewe na kuusogeza ndani ya shamba lake, ati barabara ibaki na upana wake. Alidhani mtu akiona mwenzake amejinyima ataona haya. Jirani wa kulia, diwani wetu wa wakati huo, alipojenga ghorofa yake alikuja mpaka pale ua ulipohamia. Ile ardhi ambayo mzee aliwaachia watu wote ikawa vyumba vya diwani. Alipokwenda manispaa kushtaki, afisa wa ploti alimwambia ramani haionyeshi barabara yoyote hapo. "Sasa mimi nilikuwa nikipita wapi?" aliniuliza. Mimi niliishia darasa la saba, lakini tela ya mahindi naijua.

Wakubwa wanapenda kusema mtaa umekua, watu wameongezeka, na pesa inaonekana. Ni kweli, watu tumebanana. Lakini pesa hailali hapa, bana. Inaondoka kila mwisho wa mwezi, inatuachia ukuta. Na asubuhi ile kifua kilipombana mzee, teksi ilisimama kule kwenye lami, haikuweza kuingia. Tulimbeba kwa godoro, tukisukumana na kuta, na alikata roho tukiwa bado kwenye kichochoro. Alishika ukuta wa diwani kwa mkono mmoja. Sijui alitaka kujizuia asianguke au alitaka kuusukuma.

Msiniambie ni kazi ya Mungu. Mwenye nyumba wa Bungoma, uliyeuliza barabara ni ya nani. Diwani, uliyejenga juu ya wema wa mtu. Na wewe afisa, uliyepitisha michoro ya nyumba zote mbili ukiwa umekaa ofisini: najua mnasoma haya. Mjane yuko nyumbani, anangoja jibu la swali la mzee, alikuwa akipita wapi. Njooni mmpe uso kwa uso. Na mje kwa magari yenu, tuone yatafika wapi.