Alipolazwa Mama, kwenye picha ya setilaiti

Leo tumepaona alipolazwa Mama, na heri tusingepaona.

Dada yangu Mwanasha alitaka twende tukamsomee dua kaburini. Lakini shamba la Miritini alikozikwa liliuzwa zamani, na mahali penyewe hatupakumbuki tena.

Nikafungua tovuti yenye picha za setilaiti za miaka iliyopita. (Mkitafuta, chagueni miezi ya kiangazi, za masika huwa mawingu matupu.)

Tukauona mkwaju uliokuwa kando ya kaburi.

Kisha nikaweka picha ya mwaka huu, pale pale.

"Kaka, hivi vyeupe ni nini?"

"Malori, dadangu. Pamekuwa yadi."

"Yamesimama juu ya Mama?"

Nikamwonyesha kwa kidole pale ulipokuwa mkwaju.

"Basi nirudishie ile ya kwanza."

Tukainua mikono mbele ya kompyuta, tukamsomea.

Nanyi tuitikieni amin.