Mkwe Asiyechuchumaa

Watu wa Kisondela wana huruma, tusiwasingizie. Ukivunjika mguu watakuletea ndizi, maziwa mgando na kuni, mpaka uombe mwenyewe wapunguze. Lakini mguu uliovunjika unaonekana. Umefungwa plasta, umenyooshwa kwenye kigoda, hata mtoto anajua asiukanyage. Mgongo wa Ikupa haukuonekana. Ulikuwa ndani ya blauzi, umenyooka kama mgongo wa mtu yeyote, na kovu lake hakuna aliyelijua zaidi ya mumewe. Kwa hiyo huruma ilikuwa nyingi mwaka wa kwanza, ikapungua wa pili, na baada ya hapo wanawake wa kikundi chao wakaanza kusema kwamba mgongo wa Ikupa huuma siku za kulima tu.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Aliumia kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba, mkungu wa ndizi kichwani, mvua ya masika imeufanya udongo utelezi mtupu. Akateleza, akaketi chini kwa kishindo, na mkungu hakuuachia.

"Ungeuachia!" mumewe, Ambindwile, alimwambia hivyo mara nyingi baadaye.

Ungeuachia! Rahisi kusema. Mwanamke amelelewa tangu utotoni kwamba mzigo wa kichwani hauanguki, leo aanze kuuachia kwa sababu ya utelezi? Wakampasua mjini Mbeya, wakamfunga skrubu, mifupa ikaunga vizuri, daktari akaishika picha juu kwenye mwanga akatabasamu. Lakini kulikuwa na moto uliobaki kiunoni, unashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye vidole, na moto huo haukuwemo kwenye picha.

Hata hivyo, kilichokuwa kikimliza Ikupa si moto. Kilichomliza ni baba mkwe.

Mzee Ezron, baba yake Ambindwile, alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya yao, mahali pa kuitana na kusikiana. Ila hawakuitana. Kwa mila za Kinyakyusa, mke wa mtoto humwogopa baba mkwe. Si woga wa chui, ni woga wa heshima. Hamtazami usoni, hasemi naye, na akikutana naye njiani huingia pembeni kwenye migomba, akachuchumaa na kuinamisha uso mpaka mzee apite. Siku hizi vijana wamelegeza. Wengine wanapiga picha na baba mkwe wamekumbatiana, meno yote nje, sijui tuseme nini. Ikupa aliolewa kabla ya hayo mambo. Miaka yote ya ndoa yake, neno la mzee lilimfikia kupitia kwa Ambindwile, na lake likapandia huko huko. Na walipendana, msidhani. Parachichi la kwanza kuiva kwenye mti wa mzee lilikuwa la Ikupa. Nguo za mzee zilifuliwa na Ikupa, zikakunjwa vizuri, zikapelekwa na mwingine.

Sasa, miezi michache baada ya upasuaji, Ikupa alikutana na mzee kwenye njia ya chini, ile inayopita kando ya mashamba ya chai. Akaingia pembeni, akashuka. Magoti yalitii, mgongo ukakataa. Moto ukampanda mpaka kisogoni. Akabaki amesimama kama nguzo, uso wazi, macho yake kwenye macho ya mzee. Mzee akasimama. Akamtazama. Kisha akageuka, akarudi alikotoka.

Tangu siku hiyo Mzee Ezron hakuipita tena njia ya chini. Akienda kanisani, akienda kupeleka maziwa, alizungukia mtoni, njia ndefu yenye matope, mtu mzima na fimbo yake. Kijiji kizima kiliona.

"Baba yako ananikwepa," Ikupa alimwambia mumewe.

"Baba anapenda kutembea."

"Kutembea kwenye matope?"

"Ni mazoezi."

Ambindwile alikuwa mume mwema, lakini maneno yake yalikuwa kama jino bovu, halitoki mpaka uling'oe. Kwa hiyo Ikupa akajijazia mwenyewe: mzee amenichukia. Nilimsimamia usoni kama askari, na atakufa hajanisamehe.

Ndipo akatokea Daktari Naima. Huyu alikuwa bingwa, alikuja hospitali moja mjini Mbeya na madaktari wageni waliokuwa na mpango wa kuwasaidia wagonjwa wa maumivu yasiyokwisha, na gharama za matibabu zilikuwa juu ya mpango huo. Alikuwa mwanamke wa pwani, mpole, anayeongea bila haraka. Alimweleza Ikupa kwamba kuna kidude kinachowekwa mwilini: nyaya nyembamba zinapita karibu na uti wa mgongo, na betri ndogo inashonwa chini ya ngozi, juu kidogo ya tako. Kinatoa umeme mdogo sana unaozuia taarifa ya maumivu isifike kichwani.

"Kwa hiyo nitapona?"

"Hapana, mama yangu. Sitaki kukudanganya. Mgongo utabaki ule ule. Maumivu yanaweza kupungua nusu, au zaidi, au yasipungue kabisa. Waya unaweza kuhama, kidonda kinaweza kupata vijidudu. Miaka ikipita betri itabadilishwa, na utakuwa mtu wa kliniki maisha yako yote. Ndiyo maana tunajaribu kwanza. Nyaya zitaingia, kisanduku kitabaki nje, utakivaa kiunoni. Uende nyumbani ukaishi, halafu uje uniambie unakitaka au hukitaki."

Kisha akauliza swali analomwuliza kila mgonjwa. "Maumivu yakipungua, ungependa kufanya nini ambacho sasa huwezi?"

Wengine husema kulima. Wengine husema kucheza ngoma. Ikupa alijibu papo hapo, "Kuchuchumaa."

Daktari akadhani ni habari ya choo. "Siku hizi kuna vyoo vya kukaa, mama."

Ikupa akatazama chini. Angeanzia wapi?

"Kwa kweli hicho siwezi kukuahidi," daktari akasema taratibu. "Mgongo wako una skrubu. Na wakati wa majaribio ni marufuku kabisa. Usiiname, usijipinde, usinyanyue kitu. Waya ukichomoka, tumepoteza."

Loo! Ikupa alitoka pale amechoka kuliko alivyoingia. Kitu kimoja alichokitaka ndicho ambacho kile kidude hakikuwa nacho. Alikubali majaribio, basi tu, kwa kuwa Ambindwile alikuwa amemshika mkono wakati wote bila kuombwa na mtu. Ila kuhusu kushonewa betri ya maisha, moyo wake ulikuwa unasema hapana. Ya nini?

Jambo la kupasuliwa mtu haliamuliwi bila mkubwa wa nyumba kuambiwa. Ambindwile akapanda kwa baba yake, akakaa huko, akarudi.

"Amesemaje?"

"Amesema amesikia."

"Amesikia tu?"

"Amesikia."

Ikupa akaingia ndani akalia.

Nyaya zikawekwa, akarudishwa Kisondela na kisanduku chake chini ya kitenge. Na jamani, tuseme ukweli: kile kidude kilifanya kazi. Kile kilichokuwa moto kikawa kitu kama mvua ya rasharasha juu ya bati, unaisikia lakini haikuzuii kuongea. Alilala usiku kucha, akaamka akijishangaa. Alisimama jikoni akasonga ugali mwenyewe, mpaka ukaiva. Ambindwile akamwona, akageukia dirishani, akapangusa macho.

"Moshi," akasema.

Na jiko lilikuwa la gesi.

Lakini kadiri siku ya kurudi Mbeya ilivyokaribia, wazo moja lilimkaa Ikupa kichwani. Mwili huu sasa haupigi kelele. Nikichuchumaa leo, mara moja tu, mbele ya mzee, akaniona, mambo yatakuwa yamekwisha. Waya ukichomoka, na uchomoke. Betri yenyewe siitaki. Mtu mzima anafikiri hivyo! Anataka kuchoma nyumba apate mwanga wa kutafutia sindano. Ila heshima iliyokwama kooni kwa miaka haina akili, inataka kutoka tu.

Akajifunga kitenge, akashuka polepole njia ya mtoni, akasubiri mahali ambapo migomba inakaribia maji. Mzee akatokea, fimbo mkono mmoja, kidumu kitupu cha maziwa mkono mwingine, anachagua pa kukanyaga. Ikupa akaingia pembeni. Akainamisha uso. Akaanza kukunja magoti, taratibu, mkono kwenye mgomba.

"Acha!"

Kidumu kikaanguka. Fimbo ikaanguka.

"Ikupa, acha! Simama, mwanangu. Simama!"

Ikupa aliganda. Hakuwahi kulisikia jina lake kwenye kinywa hicho. Akajivuta juu kwa ule mgomba, akasimama, na rasharasha bado ilikuwepo mgongoni. Waya haukuhama.

"Wanakuchoma minyaya mgongoni, halafu unakuja kuchuchumaa kwenye matope?" Mzee alikuwa anahema kwa hasira na hofu. "Mimi nazunguka huku kwa nini, wewe? Unadhani napenda matope? Siku ile nilikuona. Ulitaka kushuka, uso wako ukawa majivu. Nikasema, huyu mtoto nikikutana naye kila siku, kila siku ataungua kwa ajili yangu. Basi njia ya chini iwe yake. Mimi nipite huku."

Ikupa aliinamisha uso, kwa mazoea.

"Ningekwambiaje?" mzee akaendelea, sauti imeshuka. "Wewe husemi na mimi, mimi sisemi na wewe, na yule mwanangu ukimtuma neno linafika nusu. Nilimwambia, mwambie mkeo nimesikia na nimefurahi. Alikwambia nimefurahi?"

Ikupa akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanashuka, hakuyapangusa.

"Unaona! Na kosa ni langu. Mkubwa ni mimi, ningeweza kuilegeza mila hii tangu siku ile. Niliogopa watu waseme Ezron amezeeka vibaya." Kisha akauliza, "Hicho chombo, kinakusaidia?"

Neno la kwanza la Ikupa kwa baba mkwe wake, baada ya ndoa nzima, lilitoka kama la mtoto anayejifunza kusoma. "Kinasaidia, tata," akamwita baba kwa Kinyakyusa.

"Na unakitaka? Si kwa ajili yangu. Mimi kesho kutwa nipo kaburini. Wewe?"

"Sijui, tata."

"Basi utajua."

Wakabaki wanaitazama fimbo kwenye matope. Ikupa alikatazwa kuinama. Mzee akiinama hainuki. Mzee ndiye aliyeanza kucheka, kisha Ikupa, kicheko cha kujibanabana akiogopa ule waya. Hatimaye mzee akanyoosha mkono, akaushika mkono wa mke wa mwanawe, kitu ambacho hakijawahi kuonekana kwenye ukoo ule, wakaanza kupanda. Kila palipoteleza alimwegemea. Ikupa aliusikia uzito wake wote, uzito wa mzee aliyekonda, na mgongo wake ukaupokea bila kuungua. Miaka mingapi tangu mtu amwegemee yeye? Wote walikuwa wanamshika, wanambeba, wanamnyanyua. Akatembea taratibu makusudi, ili safari isiishe upesi.

Ambindwile alikuwa uani. Aliwaona wakija wameshikana, akafungua mdomo, na kama kawaida yake hakikutoka kitu.

"Fimbo yangu iko mtoni, na kidumu," baba yake akamwambia. "Kavilete. Na siku nyingine nikikutuma, fikisha yote."

Huko Mbeya, Daktari Naima alimlaza Ikupa kifudifudi ili atoe nyaya za majaribio. Alimwonya kwamba maumivu yatarudi jioni hiyo hiyo, na yatakaa mpaka siku ya upasuaji, kama atakuwa ameamua upasuaji uwepo.

"Uwepo," Ikupa akasema.

"Una hakika? Lile uliloniambia, la kuchuchumaa, bado siwezi kukuahidi."

"Halina haja tena, daktari. Mwenyewe amekataa. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, anasema nikichuchumaa nampotea, nikisimama ananiona."

Daktari aliuacha mkasi. "Mwenyewe nani, mama?"

"Baba yangu," akasema Ikupa. "Yuko hapo nje kwenye benchi. Amekuja na mimi."