Mtafiti Anayebisha Hodi na Ungo wa Mchele

Saa mbili asubuhi, Lipangalala mjini Ifakara. Jogoo wa jirani anagombana na spika ya kinyozi, na Dk. Yosefina Libenanga anaingia uani kwa watu, ungo kichwani, mchele wenye pumba tele ndani yake.

"Hodi wenyewe! Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huu mchele wako hauishi pumba?" anajibu mwenye nyumba, Bi Theresia, na ungo ameshaunyakua.

Wapita njia wanamdhania mchuuzi. Muuza duka wa kona aliwahi kumuuliza bei! Kumbe Yosefina, mwenye miaka 38, ni mtafiti wa afya ya akili. Anafuatilia hali za akina mama wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua: nani analala, nani halali, nani anaficha sonona chini ya kanga.

Ungo wenyewe una kisa chake.

Alipoanza utafiti, alikuwa anakuja na gari la mradi. Anakaribishwa sebuleni, anaketi na mzazi, na mama mkwe anaketi katikati yao. Kwa wengi hapa, aliyejifungua juzi haachwi peke yake na mgeni. Ni heshima, na ni ulinzi.

"Nauliza, 'Mdogo wangu, wiki hii umecheka?' Mama mkwe anadakia, 'Acheke nini, kwani ana wazimu?' Nauliza usingizi, najibiwa, 'Huyu? Anakoroma mpaka kuku wanaamka!'" anasimulia Yosefina, mbavu hana. "Nikahoji wazazi arobaini, wote wazima kama chuma. Nikajiuliza, Ifakara nzima hakuna mwenye huzuni? Kumbe nilihoji mama wakwe arobaini."

Kumtoa mama mkwe sebuleni kwake ni kumtukana. Lakini Yosefina ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa Idete, na alijua udhaifu mmoja wa mama zake: hawavumilii mchele uliopepetwa vibaya. Na mchele haupepetwi ndani, pumba zitamwasha mtoto.

"Namwambia wazi, 'Mama, nina maneno na mkweo, naomba unisaidie huu mchele.' Ukimpa kazi anayoijua, hajioni amefukuzwa."

Ndivyo alivyompata Mariana, miaka 22, mke wa Venance, mtoto wa kwanza wa Bi Theresia. Alipoulizwa kama amecheka, alisema kwamba tangu Clinton azaliwe, anamnyonyesha akitazama ukuta.

"Nilidhani sina moyo wa mama," anasema Mariana, aliyeridhia habari zake ziandikwe. "Nilitamani nirudi kwetu Sanje, mtoto abaki."

Yosefina alimuunganisha na mshauri wa kliniki, akamwalika pia kwenye kikao cha akina mama cha kila Alhamisi. Hapo mambo yakakwama. Mariana alipoomba ruhusa, Bi Theresia aligoma: mambo ya nyumba yake hayaendi kutangazwa mitaani! Na bila ruhusa hiyo Mariana asingetoka.

Yosefina hakubishana. Alikuja na ungo wa pili, akaketi na mama huyo uani, wakapepeta. Katikati ya umbea wa mtaa akamuuliza, "Na wewe mama, ulipomzaa Venance, ulikuwa unacheka?"

Ungo ukasimama.

"Sijawahi kuulizwa hivyo," anakumbuka Bi Theresia. "Tulikuwa dunguni shambani, tunalinda mpunga. Mtoto analia, mimi natazama ndege tu. Mama mkwe wangu akasema nimerogwa. Nikanyamaza miaka yote hiyo."

Akapepeta tena kidogo, kisha akasema, "Kama ni kuongea, basi yaongewe hapa kwangu, si mitaani."

Ndiyo maana leo, Alhamisi, ua umejaa. Nje, mama wakwe wanapepeta mchele wa chakula cha mchana na kumsema kila anayepita. Ndani, akina mama wanazungumza, mlango umerudishwa. Mariana, ambaye bado anahudhuria kliniki, amempakata Clinton. Daktari anampokea mtoto, naye anamkojolea gauni zima.

"Hiyo baraka, daktari! Andika na hiyo!" Mariana anasema, na kicheko chake kinafika nje.

Uani Bi Theresia anainua kichwa. "Mmemsikia?" anawauliza wenzake. "Huyo ni wa kwangu huyo!"

Yosefina ana mpango wa kufika Idete kabla ya mavuno, kisha Sanje. Anatamani siku moja lile swali la kucheka liulizwe na mama wakwe wenyewe, bila kumsubiri yeye.

"Hapo nitakuwa sina kazi tena," anasema.

"Idete utakwenda na nani?" Bi Theresia anapaza sauti kutoka nje. "Wale nawajua, watakukalia katikati! Nitakwenda mimi nikae nao uani. Na huo mchele wako, mwanangu, ulete wenye pumba nyingi. Maneno yetu sisi wazee ni marefu."