Mwanamke wa Ndani ya Gari la Baba

Juzi, pale Chalinze, mzee mmoja dereva alipowasha gari nililopanda, sauti ya kike ikasema kitu kwa Kijapani. Nikasikia tena harufu ya mananasi yaliyojaa kwenye buti ya gari la Baba, kule Kiwangwa.

Nilikuwa mtoto, na Mama alikuwa kwenye kiti cha nyuma, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Kigari kile cha Kijapani, ambacho Baba alikinunua kwa bei chee na kukipenda kwa jinsi kilivyokata kona, siku hiyo kiligoma kuwaka. Mara tatu alizungusha ufunguo. Mara tatu mwanamke wa Kijapani, niliyeamini anaishi ndani ya gari, akasema maneno yake. Nikajua amenuna, maana tulipanda bila kumwamkia.

“Shikamoo, bibi,” nikanong'ona.

Kikawaka. Mdogo wangu alizaliwa Bagamoyo, mlangoni mwa hospitali.

Sasa najua sauti ile ilidai kadi ya kulipia barabara za kwao Japani. Hata hivyo, juzi niliiamkia, na dereva akaitikia, “Marahaba, mwanangu.”