Jiwe Nililolitoa Njiapanda

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, kitongojini kwetu, upande wa Mtinko, palikuwa na mahali ambapo hata walevi walipita wamenyamaza: njiapanda yenye rundo la mawe. Aliyesafiri mbali aliweka jiwe pale. Akirudi salama, alilitoa kwa mkono wake mwenyewe na kulitupa porini. Kwa hiyo lile lilikuwa rundo la watu ambao hawajarudi. Mawe ya chini kabisa, Bibi alisema, yaliwekwa na vijana waliokwenda kukata mkonge enzi za manamba, na majina yao hakuna aliyeyakumbuka. Mtu mwingine akilitoa jiwe lako, njia yako imefungwa. Bibi hakukosa misa hata Jumapili moja, lakini pale alipita akifanya ishara ya msalaba.

Mwaka ule baba alikwenda Rungwa kurina asali. Naye mwalimu akatuambia kila mmoja alete jiwe zuri, tutengeneze ramani ya kijiji uwanjani. Mawe yalijaa kila mahali kwetu, huko Singida nani atakosa jiwe? Lakini mimi nilipenda sifa. Nikachukua la juu kabisa pale njiapanda, jeupe, linalong'aa. Sikujua ni la nani. Kwamba ni mwiko, nilijua.

Mwalimu akalipaka chokaa, likawa mlima.

Jioni Bibi alirudi kutoka shamba akitweta. "Jiwe la mwanangu liko wapi? Lile jeupe! Nilimwona akiliweka!" Kisha akamgeukia Veronika, binti wa marehemu shangazi yangu, tuliyelelewa naye. "Ni wewe! Wewe ndiye unayechunga mbuzi kule."

"Haki ya Mungu, Bibi, si mimi."

"Nani basi? Mbuzi?"

Alimchapa kwa fimbo ya mbuzi hao hao. Mimi nilikuwa hapo hapo napepeta uwele. Niliendelea kupepeta. Mungu anisamehe, nilipepeta hata uliokwisha kuwa safi.

Mvua za kwanza zikanyesha, na baba alikuwa ameahidi kurudi kabla hazijaanza. Shambani tulipanda bila yeye. Kila asubuhi nilipita uwanjani, nikautazama ule mlima mweupe, nikasali Salamu Maria kumi. Kulitoa niliogopa, maana mwalimu angeuliza. Kusema niliogopa zaidi. Bibi akaacha kutaja jina la baba. Chakula nilikibakiza, nikakonda mpaka wakanipeleka zahanati kupima malaria.

Baba alirudi mtama ukiwa umefika magotini, uso umevimba, kiatu kimoja. Alikuwa amepotea porini siku nyingi. Nilimvuta pembeni nikamwambia kila kitu kuhusu jiwe.

"Kumbe ni wewe!" Akacheka hadi akashika mbavu. "Na mimi nilidhani nimepotea kwa ujinga wangu tu."

"Usimwambie Bibi, baba."

Hakumwambia. Bibi alizikwa akiamini ni Veronika.

Veronika sasa ameolewa Ilongero. Mwezi uliopita nilimtembelea, nikamkuta anaanika alizeti. Nikajikaza, nikaanza: "Mdogo wangu, lile jiwe..."

"Ulilifunga kwenye kanga ya Bibi," akasema bila kuinua kichwa. "Nilikuona. Nilikuwa na mbuzi pale juu."

Nikachuchumaa kando ya alizeti. "Kwa nini hukusema ukachapwa bure?"

"Na kama Mjomba asingerudi? Ungekaa vipi kwenye nyumba ile, dada? Mimi nilikuwa mtoto wa kuletwa tu, wangenichukia kidogo, wangezoea. Kwako wewe, yule ni baba yako. Kila usiku nilimwombea arudi." Akanisukumia ungo. "Pepeta, jua linazama."

Nimeungama dhambi hii kwa mapadre watatu, na kila mara nilisema niliteseka peke yangu miezi ile. Nilikuwa naungama uongo. Usiku tulilala juu ya ngozi moja ya ng'ombe, na mwenzangu naye alikuwa macho, akiitunza siri yangu na kumwombea baba yangu arudi.